Sisi Hatuli Chakula cha Watu

Mama mkwe wangu alikuwa na desturi ya kunusa. Kila nilipotoka nje nikarudi, hata kama nilikwenda kuanika nguo tu, alinivuta mkono, akavinusa vidole vyangu kimoja kimoja, kisha akaniachia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani kila mama mkwe anafanya hivyo.

Alichokuwa akitafuta ni samaki. Sisi tulikuwa Banyani wa Kathiawar, Bara Hindi, na nyumbani kwetu hapakuingia nyama, wala samaki, wala yai. Mume wangu alikuwa ametangulia miaka miwili, akafungua duka Ifakara, la kaniki na chumvi na shanga, na yeye akinunua mpunga na nta. Alipokuja kunioa, mama yake alitangaza kwamba atafuatana nasi. Hakuamini kwamba mwanawe analishwa vizuri huko, na hakuamini kwamba mimi nitamlisha. Kwa hiyo tulitembea watatu na wapagazi kutoka pwani, mama mkwe akiwa amekumbatia kopo la bati ambalo hakumpa mtu yeyote amchukulie, hata tulipovuka mito na maji yakamfika kifuani.

Ndani ya kopo mlikuwa na manjano, haradali, uwatu, na donge la mvuje lililofungwa kwa kitambaa mara tatu. Mvuje huo ndio uliotuharibia jina kabla hatujamaliza wiki. Mama mkwe aliumega kidogo kama punje ya mtama, akautupa kwenye samli ya moto kabla ya kumimina choroko, na harufu yake ikatoka dirishani ikasambaa. Mmoja wa wapagazi wetu, mtu wa pwani, akawaeleza majirani kwamba kwao mvuje hufukizwa na waganga kufukuza mashetani. Watu wakajiuliza: ikiwa wale wanafukiza kila siku, asubuhi na jioni, basi mashetani waliokuja nao ni wangapi?

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoongea na yule mwanamke nitakayemwelezea. Kwa lugha ya mama yangu sina maneno ya mambo haya. Sikuwahi kumsimulia mtu kwa lugha hiyo.

Alikuwa jirani yetu wa upande wa mtoni, Mndamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye binti wawili. Mume wake alikuwa mvuvi. Yeye mwenyewe alifinyanga vyungu na kuuza mpunga, na kwa kuwa aliwahi kuishi Kilosa, Kiswahili chake kilikuwa chepesi kusikiliza. Mimi ndiye niliyepima mpunga wake nyuma ya duka, na hivyo tukazoeana. Nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu, lakini kwa muda mrefu aliniita hivyo akiwa ananitazama kama mtu anayetazama chungu asichojua kama kimeiva.

Siku moja aliniuliza bila kuzunguka. "Mdogo wangu, watu wanataka kujua mnakula nini mpaka mfunge mlango."

Nilimwambia tunakula wali na choroko, mboga, na mikate ya kubandika kwenye chuma.

"Wali hata sisi tunakula," alisema. "Hatufungi mlango."

Sikuweza kumwambia kwamba mama mkwe anafunga mlango ili jicho la mtu kama yeye lisianguke kwenye sahani zetu. Sikuweza kumwambia kwamba ule mtungi wa maji uliokaa pembeni mwa jiko haukuguswa na mkono wowote isipokuwa wetu, na kwamba siku moja mpagazi alipochota humo kwa kutojua, mama mkwe aliuvunja kwa jiwe na kununua mwingine, tena kutoka kwa huyu huyu jirani. Baadaye jirani alinieleza kwamba kwao mtu anayekula kwa kujifungia ni mmoja kati ya wawili: mchoyo au mchawi. Mchoyo, alisema, angalau anaonekana anapima pima. Sisi tulitoa chumvi ya nyongeza dukani. Basi likabaki lile la pili.

Nami nilikuwa na shaka zangu. Nilipopima mpunga wake niliupembua kwa vidole nikitafuta sijui kitu gani. Jirani alipomletea mama mkwe boga kama zawadi, lilikaa juu ya dari mpaka likaoza, na tukamwambia lilikuwa tamu.

Mwaka wetu wa tatu huko misafara kutoka pwani ilianza kuchelewa. Choroko zilikwisha, kisha samli ikaisha. Tulikula wali mtupu na majani ya kunde, na mama mkwe akautumia mvuje kwa kuupitisha tu juu ya chungu kana kwamba harufu inaweza kushibisha. Nilikonda. Niliota chakula, na aibu yangu ni kwamba sikuota chakula cha kwetu. Niliota moshi uliotoka kwenye ua wa jirani.

Nilikwenda kwake mchana mmoja kuulizia vyungu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anabanika perege juu ya makaa, mafuta yanadondoka na kulia. Hakunikaribisha kwa maneno. Alimkata samaki katikati, akaweka nusu kwenye jani la mgomba, akalisukuma upande wangu, kisha akageuka kuchochea moto ili nisijione natazamwa. Nilikula. Nilikula mpaka ngozi. Nilinawa kwa majivu, nikanawa tena, nikasugua vidole kwa majani ya mlimau, nikarudi nyumbani.

Mama mkwe alinusa. Safari hii hakuniachia upesi.

"Majivu," alisema. "Na mlimau. Mtu anayenawa hivi ana kitu cha kuondoa."

Nikasema nilishika masizi ya vyungu. Akaniachia. Nilingoja amwambie mwanawe jioni ile, na kesho yake, na wiki nzima. Hakumwambia. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko kama angesema, maana sikujua anaiweka siri hiyo kwa matumizi gani.

Mume wangu aliamua kwenda Kilosa mwenyewe kuulizia mizigo yake iliyokwama. Alituacha wawili dukani akisema atarudi kabla mwezi haujaandama. Alipoondoka ndipo nilipoona kwamba mambo yamebadilika, au pengine yalikuwa yamebadilika zamani na mimi sikuwa natazama. Wanawake waliacha kununua nguo. Wanaume walikuja dukani wakasimama, wakatazama rafu, wakaondoka bila kuuliza bei. Salamu zikawa fupi. Askari wachache wa Wajerumani waliokuwa na kituo chao karibu na kivuko waliimba na kunywa kama kawaida, na watu walipita mbele yao wakiwa wapole kupita kiasi. Jirani yangu alitoweka siku sita na mumewe. Aliporudi alikuwa na kipande kidogo cha mwanzi kimefungwa kwa uzi shingoni, na nilipomuuliza ni nini alisema ni dawa ya kifua. Hakuwa anakohoa.

Siku chache baadaye alikuja mlango wa nyuma na kibuyu kidogo. Mama mkwe alikuwa amelala. Jirani hakuketi.

"Mimina kwenye mtungi wenu," alisema. "Mnywe wote wawili."

"Ni maji ya nini, dada?"

"Siwezi kukwambia ni ya nini. Ukiniamini, kunywa. Usiponiamini, mwaga. Lakini usimwonyeshe mtu."

Akaenda. Nilibaki nimeshika kibuyu kile kama mtu aliyeshikishwa nyoka aliyelala. Niliyanusa. Yalikuwa na harufu ya maji ya mto na ya nafaka iliyolowekwa. Nikawaza: huyu ni mtu aliyenilisha nilipokuwa na njaa. Nikawaza pia: ni mtu ambaye ndugu zake wanatamani duka letu liwe wazi bila mwenyewe. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Mwisho nilikwenda kwenye mpapai nyuma ya jiko nikayamwaga yote chini yake, jua likiwa utosini. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nini hicho?"

"Maji machafu."

Alikitazama kibuyu, akautazama udongo ulivyolowa, akarudi ndani.

Kesho yake jirani aliniuliza kama tulikunywa. Nikasema tulikunywa. Akauliza kama na mama alikunywa. Nikasema naye. Alinitazama kwa muda, kisha akasema vizuri, akaenda zake.

Vita vilianza asubuhi, kwa moshi upande wa kituo cha askari na makelele ambayo mwanzoni nilidhani ni ya ngoma. Kabla sijafika dirishani jirani alikuwa ameshaingia, kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, akapita sebuleni mpaka jikoni na miguu yake ya udongo, na mama mkwe hakumzuia.

"Chukueni kitu kidogo," alisema. "Mlango msiufunge."

Nikamwambia tukiuacha wazi watachukua kila kitu.

"Watachukua. Mlango uliofungwa huvunjwa, na nyumba ikichomwa huna pa kurudi. Twendeni."

Mama mkwe alichukua kopo lake la bati. Mimi nilichukua sufuria na kanga. Tulipita mashambani kwa mstari, jirani na binti zake mbele, sisi nyuma, tukielekea mbugani ambako wavuvi hupiga kambi zao wakati wa kiangazi maji yanapopungua. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua yakatuchoma miguu. Tulitembea nusu siku. Hakugeuka kutusemesha hata mara moja. Mama mkwe alikuja karibu nami akaniuliza kwa lugha yetu, polepole kana kwamba jirani angeweza kuelewa, "Unamwamini?"

"Hapana."

"Basi kwa nini tunakwenda?"

"Kwa sababu sina pengine."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, tukaendelea.

Kambi ilikuwa vibanda vitano vya matete kwenye kiinuko, na watu kama kumi na wawili, wengi wanawake na wazee. Hapakuwa na chakula ila samaki, mihogo, na mchele walioubeba. Mama mkwe alikula mihogo tu, aliyoimenya mwenyewe na kuibanika mwenyewe kwenye moto aliouwasha mbali na wengine. Nami nilikula naye kwa sababu alikuwa ananitazama. Watu wa kambi walitutazama sisi. Nilisikia mzee mmoja akiuliza kwa nini tumeletwa, na jirani akamjibu kwa Kindamba maneno ambayo sikuyaelewa, na tangu hapo kila aliposema Kindamba nilihisi anazungumza habari za mauti yetu.

Siku ya nne walikuja wanaume watatu wenye mikuki, wamejifunga mabua ya mtama vichwani. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa mtu mtulivu, wa makamo. Nilimtambua, aliwahi kununua chumvi kwetu. Alimuuliza jirani sisi ni nani hapa.

"Ni wetu," jirani alisema. "Wamekunywa."

Yale maji ya kibuyu, nilikuja kujua, yalikuwa dawa ya vita waliyoambiwa hugeuza risasi kuwa maji. Yule mtu alitabasamu, lakini si kwa furaha. Alisema Banyani hawanywi maji ya mtu, kila mtu wa Ifakara anajua hivyo, ameona kwa macho yake vigae vya mtungi uliovunjwa kwa kuguswa na mpagazi. Jirani akarudia kwamba tumekunywa, kutoka mkononi mwake. Yule mtu akafikiri.

"Kama wamekunywa maji yetu," alisema, "chakula chetu hakitawashinda. Haya, wale tuone."

Wakaleta sinia la mti, wali umejaa, juu yake vipande vya kambale, weusi, wa mafuta. Watu wote wa kambi wakakaa kuzunguka. Nilimega tonge nikala. Nilikula haraka, kwa kuogopa na, sitaficha, kwa njaa pia. Yule mtu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama mkwe.

Mama mkwe aliniuliza kwa lugha yetu wanataka nini. Nikamweleza.

"Wewe si mara yako ya kwanza," alisema.

"Si ya kwanza."

"Nilijua."

Alivuta kanga akafunika nywele vizuri, akaomba maji ya kunawa, akanawa mikono miwili mpaka viwiko kama anavyonawa kabla ya sala. Alikaa akakunja miguu. Alimega wali, akachukua nyama ya kambale, akaweka mdomoni, akatafuna. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini na kitu kama kile hakikuwahi kupita kooni mwake. Niliona shingo yake ikikataa, kisha ikakubali. Akamega tena. Hakula kidogo kwa kuonyesha. Alikula mpaka sehemu iliyokuwa mbele yake ikaisha, akiitoa miiba na kuipanga kwenye kiganja cha kushoto. Alipomaliza aliniambia, "Mwambie aliyepika hakuweka chumvi."

Nikatafsiri. Yule mtu wa mkuki akacheka puani. Akasema chumvi yote iko dukani kwetu. Wakala wao pia, wakaondoka. Jirani alikusanya sinia bila kututazama.

Tulikaa mbugani zaidi ya miezi miwili. Mama mkwe hakurudia kuwasha moto wake wa peke yake. Alikula tulichokula. Siku moja alifungua kopo, akaomba kwa ishara apewe chungu cha samaki, akatia manjano na punje ya mvuje. Jirani alisogea, akanusa mvuke, akarudi nyuma. Alituamuru tuanze kula sisi, akatungoja kwa muda mrefu aone kama tutaanguka. Mama mkwe aliniuliza anangoja nini, nikamweleza, na hilo ndilo lililomchekesha mpaka akafuta machozi. Hatimaye jirani alionja. Akasema ni kama samaki aliyepikwa na mtu mwenye homa. Lakini alikula.

Mume wa jirani alikuwa amekwenda na wenzake kupigana kwenye boma la Mahenge. Walirudi wachache, na yeye hakuwa kati yao. Jirani alikivunja kile kipande cha mwanzi kwa kisu, akakitupa mtoni. Hakulia mbele yetu.

Kisha Wajerumani wakaja na askari wengi. Tuliona moshi kwanza, moshi mzito wa mpunga unaoungua, ghala baada ya ghala, mpaka upande wa Michenga. Askari walitukuta kambini, wakachoma vibanda, wakatuswaga wote mpaka Ifakara. Duka letu lilikuwa tupu na halina mlango, lakini kuta na paa vilikuwapo. Na mume wangu alikuwapo. Alikuja nyuma ya msafara wa askari kutoka Kilosa. Alipomwona mama yake alianguka miguuni pake akalia kama mtoto.

Hawakutuacha twende nyumbani. Wanawake wa kambini walikalishwa juani upande mmoja, jirani na binti zake kati yao, sisi upande wa pili. Mzungu alikuwa mezani, na akida wa serikali akimtafsiria. Walitaka kujua ilikuwaje Banyani wawili wanawake wawe hai wakati wafanyabiashara wengine waliuawa au walikimbia. Askari mmoja alieleza kwamba amepata habari: yule mfinyanzi aliwapikia wapiganaji, na sisi tulikula nao sinia moja, na anayekula nao amekunywa maji yao. Akida alinigeukia. Nikisema alituokoa, lazima niseme aliwaambia nini wale watu, na kwa nini walimsikiliza.

Mama mkwe alijibu kabla yangu. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na alikitumia dukani tu, lakini alisimama wima akakisema kwa sauti.

"Sisi hapana kula chakula ya watu."

Akida alimtazama. Mama mkwe akarudia, akionyesha wale wanawake juani kwa dharau ambayo niliizoea vizuri. Yule muuza vyungu, alisema, alijificha mbugani kama wao. Amepika nini hajui, yeye hatazami vyungu vya watu. Yeye na mkazamwana wake walikula mihogo ya kumenya wenyewe.

Mzungu alimwita mume wangu akamuuliza kama ni kweli watu wake hawali chakula kilichopikwa na wengine. Mume wangu aliapa. Aliapa kwa moyo wote, kwa sababu aliamini. Alisema mama yake angekufa kwanza, na mkewe pia, kwamba hakuna njaa duniani ingewatia samaki mdomoni. Alizungumza kwa fahari, machozi bado hayajamkauka. Mama mkwe alitazama mbele. Mimi nilitazama chini.

Mzungu aliandika kitu, akapunga mkono. Wale wanawake walibebeshwa mizigo siku tano kisha wakaachiwa. Wanaume watatu wa kambini, wazee, hawakuachiwa.

Njaa iliyofuata sitaieleza yote. Mahali pa mpunga palibaki majivu, na watu walichimba mizizi. Mume wangu alipata magunia machache ya mchele na choroko kwa ruhusa ya serikali, na mama mkwe akaanza kumtuma mwanawe huku na huko, kwa shughuli za uongo, kila siku wakati wa chakula cha mchana. Alipotoka tu jirani aliingia na binti zake, wakakaa jikoni, wakala wali na choroko pamoja nasi. Kama mume wangu alihisi kitu, hakusema. Wakati mwingine alirudi mapema akasimama mlangoni akizihesabu sahani kwa macho.

Mchana mmoja, mama mkwe amesinzia, nilimuuliza jirani kama alijua kwamba sikuyanywa yale maji.

"Nani humwagilia mpapai jua likiwa utosini?" alisema. "Nilipita jioni yake nikaona udongo bado umelowa."

"Mbona uliwaambia tumekunywa?"

"Na mama yako mbona alisema hakula kwangu?"

Baadaye kidogo akasema, bila mimi kumuuliza, "Mume wangu aliyanywa." Hatukurudia tena habari hiyo.

Mvua zilipokaribia aliondoka na binti zake kwenda kwa kaka zake upande wa kijiji cha Mbingu, ambako mashamba mengine yalisalimika. Tulimpa mbegu za choroko. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akamwamkia mama mkwe shikamoo, na mama mkwe akaitika marahaba, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara mwingine wa kwetu alikuja na mkewe, akafungua duka mkabala na letu. Tuliwaalika. Yule mke aliketi, akasifu nyumba, lakini hakugusa maji wala mkate. Alisema amefunga. Wiki iliyofuata alikuwa amefunga tena. Kuna mtu alikuwa amemwambia tulichokula mbugani, sijui nani. Sinia lile lilizungukwa na watu wengi. Mume wangu hakuwa mjinga. Alikuja akanikuta napepeta mchele, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna jambo mwanamke yule analijua na yeye halijui.

Nilimwambia lote, tangu nusu ya perege. Nilidhani atauliza habari za samaki. Aliuliza, "Na mimi nikaapa?"

"Uliapa."

Alikwenda kwa mama yake. Sikusikia walichosema, ila mama mkwe ndiye aliyesema zaidi. Siku nne mume wangu alibanika mihogo yake mwenyewe barazani mwa duka, watu wakimwona, na yule jirani mpya akimtazama kutoka ng'ambo kwa huruma. Sikumwita. Mama mkwe naye hakumwita. Alipika kama kawaida, akaweka sahani ya tatu, akaiondoa ikiwa imepoa.

Siku ya tano aliingia mchana, akanawa, akakaa mahali pake. Mama yake akampakulia. Alikitazama chakula kwa muda, akatutazama sisi wawili, kisha akaomba pilipili.